Redio Inapogoma Kwenye Kilele cha Lindo la Moto: Dalili, Visababishi na Hatua

Moto wa Agosti 1910 uliteketeza takriban hekta milioni 1.2 katika Idaho, Montana na maeneo ya jirani. Baada ya hapo Huduma ya Misitu ya Marekani ilizidisha walinzi wa kutazama moto milimani, na katika miaka ya 1930 vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa ajira kwa vijana, walijenga minara na vibanda vya lindo kwa mamia. Kilele kilichaguliwa kwa sababu moja tu: kinaona mbali. Wenye ripita (mitambo inayopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya), idara za usalama na watangazaji wa hali ya hewa walikuja baadaye, kwa kuwa panapoona mbali panarusha mbali. Kwa hiyo mwanaredio wa ridhaa, mwenye leseni ya kurusha redio kwa kupenda tu, anayefika leo na redio mgongoni anakuta chuma kingi, mitambo inayorusha usiku na mchana, na mahali ambapo radi inapajua.

Hapo ndipo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko yanayojirudia. Watu hufungua skrubu za redio wakitafuta ubovu ambao uko mlimani, si ndani ya redio. Kabla hujafungua chochote, sogea. Sheria za Summits on the Air (SOTA), mpango wa wanaredio wa ridhaa kurusha kutoka vileleni na kukusanya pointi, ulioanza Uingereza mwaka 2002, zinakuruhusu kuwa popote ndani ya mita 25 za wima kutoka juu kabisa, mradi usivuke chini ya kiwango hicho kati yako na kilele. Kwenye mlima wenye mgongo mpana, hizo mita 25 zinaweza kukupeleka mbali sana na mnara.

Hatua zote hapa chini zinadhani una vitu vinne: multimita ndogo, mzigo bandia wa ohm 50 (kifaa kinachokaa mahali pa antena wakati wa kupima), fyuzi za akiba na kipande cha pili cha kebo ya antena. Bila mzigo bandia utabaki kubahatisha kama tatizo ni redio au antena.

Redio ya mkononi imekuwa kiziwi

Hili ndilo lalamiko namba moja. Nyumbani redio inasikia vizuri. Juu ya mlima, mahali ambapo ingepaswa kusikia nusu ya jimbo, haisikii kitu. Au mita ya mawimbi imejaa lakini spika iko kimya, au sauti za watu wasiohusika zinapasua masafa ya 146.52 MHz, ambayo wanaredio wa Marekani huyatumia kuitana.

Kisababishi cha kawaida ni kuzidiwa. Redio nyingi za mkononi zina mlango mpana mbele ya kipokezi. Mitambo yenye nguvu iliyo hatua chache kutoka kwako inaingia yote kwa pamoja, inachanganyika ndani ya redio na kuzaa mawimbi ambayo hewani hayapo. Ajabu yake ni kwamba antena nzuri hulizidisha tatizo. Mtu anatoa kiantena cha mpira, anaweka antena ndefu ya nje, na uziwi unaongezeka.

Anza na mambo mepesi:

1. Angalia kama umeacha toni ya CTCSS (toni ya chini inayotumwa pamoja na sauti) upande wa kupokea. Ikiwa imewashwa, redio haitafungua spika mpaka isikie toni hiyo, na wanaoita kwa simpleksi, yaani redio kwa redio bila ripita, kwa kawaida hawaitumi.
2. Fungua kizima kelele (squelch) kabisa. Kama husikii hata mshindo wa kawaida wa FM, kuna kitu kinakalia masafa hayo.
3. Rudisha kiantena kifupi. Uwezo wa kusikia ukirudi, umeshapata jibu: unazidiwa.
4. Sikiliza redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani, kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Ikisikika pale inapopaswa, kipokezi kizima. Sauti hiyohiyo ikisikika pia kwenye 146.52, mchanganyiko unatokea ndani ya redio yako. Usiizime haraka, msikilize mtabiri, maana utamhitaji baadaye.

Ukitaka kuthibitisha, weka kipunguza mawimbi cha desibeli 10 kati ya antena na redio. Wimbi la kweli litashuka kwa 10. Wimbi la mchanganyiko wa daraja la tatu litashuka kwa kama 30, yaani litatoweka huku rafiki yako wa bonde la pili akibaki anasikika. Kipimo hiki kinamaliza ubishi.

Tiba ya kwanza ni miguu. Shuka upande wa pili wa kilele ili mwamba ukae kati yako na mitambo. Ikishindikana, tumia Yagi ndogo, antena inayosikia zaidi upande mmoja, na usiielekeze tu kwa unayemwita: izungushe mpaka ubavu wake, pale isiposikia, uitazame mitambo. Baada ya hapo ndipo ufikirie kichujio cha bendi ya mita 2, ile yenye 146.52. Ni kizito kidogo kubeba, lakini kwenye mlima kama Washburn wa Yellowstone, wenye zaidi ya mita 3,100, lindo la moto na antena zake juu, kinastahili nafasi mkobani. Njia nyingine ni kuhamia HF (masafa ya chini, 3 hadi 30 MHz), ambako mitambo ya VHF, ya masafa ya juu zaidi kama 146, haikusumbui sana. Mwenye leseni ya Technician, ngazi ya kwanza Marekani, akumbuke kwamba bendi ya 14 MHz haimo katika ruhusa yake. Hiyo huanza na General, ngazi inayofuata.

Acha hapa: ukikuta uzio, au kibao cha tahadhari ya mionzi ya redio, usipite. Usiguse kebo wala antena ya mtu, hata ile inayoonekana imekufa. Ukihisi mtambo fulani una hitilafu, andika namba iliyo kwenye lango na umjulishe mwenye eneo.

Nawasikia, hawanisikii

Karibu kila mara ni mpangilio wa redio. Ukiwa na FM, tazama kama umebaki na tofauti ya masafa ya ripita: unasikiliza 146.52 lakini ukibonyeza unarusha kilohertz 600 pembeni. Redio nyingi hubadilisha namba kwenye kioo unapobonyeza, kwa hiyo bonyeza huku unatazama. Kwenye HF, mwenzake ni spliti (kupokea masafa haya na kurusha mengine) iliyosahaulika.

Kinachofuata ni nguvu. Redio ikiwa imewekwa chini ili kutunza betri wakati wa kupanda, wati nusu itaenda mbali kutoka kileleni, ila haitamshinda mwenye wati 50 aliye kwenye masafa yaleyale. Halafu maiki: plagi haijaingia mpaka mwisho, au upepo unavuma moja kwa moja kwenye tundu lake na sauti inafika kama gunia linaloburutwa. Geuza mgongo kwenye upepo.

Ikiwa yote hayo ni sawa, unganisha mzigo bandia na upime nguvu inayotoka. Ikitoka kamili, redio ni nzima na shida iko kwenye kebo au antena. Isipotoka kabisa huku betri ikiwa na volti za kutosha, huenda transista za mwisho zimeungua, mara nyingi kwa sababu ya kurusha bila antena. Hilo si la kurekebisha juu ya mwamba. Peleka kwa fundi wa redio mwenye vipimo.

SWR imepanda, na nyumbani ilikuwa sawa

SWR ni namba inayoonyesha antena inavyoirudishia redio nguvu; 1 ndiyo bora. Antena ile, kebo ile, redio ile. Kilichobadilika ni mahali, basi anzia hapo.

Waya ukipita karibu na nguzo za chuma, nyaya za kukazia mnara au paa la bati, hubadilika urefu wake kwa umeme ingawa kwa rula ni uleule. Vibanda vya mbao navyo vinadanganya. Kile cha muundo uitwao L-4, cha futi 14 kwa futi 14, kinaonekana ni mbao na vioo tu, lakini kwa kawaida kina waya mnene wa kinga ya radi unaopita juu ya paa na kushuka kwenye pembe hadi ardhini. Antena yako ikienda sambamba na waya huo, vinashikana. Iondoe kwa mita kadhaa, au ipitishe kwa pembe ya mraba. Hata mita tatu zinaweza kuishusha SWR kutoka 4 hadi chini ya 2.

Ukishasogea na bado iko juu, fuata mpangilio huu:

- Bendi uliyochagua na viungo vya waya vilivyofungwa vinalingana? Kiungo kimoja kilichoachwa wazi ndicho kosa la kawaida kwa antena za viungo, zinazobadilishwa bendi kwa kufunga au kufungua vipande vya waya.
- Mwisho wa waya umegusa jani bichi, theluji au mwamba uliolowa? Kwenye antena inayolishwa mwishoni, ncha ndiyo yenye volti kubwa.
- Plagi ya BNC imekazwa? Pindapinda kebo karibu na plagi huku ukitazama mita. Sindano ikiruka, kebo imekatika ndani. Badilisha na kile kipande cha pili.
- Kibadilishi cha 49 kwa 1, kile kinachounganisha kebo na antena inayolishwa mwishoni, kina moto? Ukirusha muda mrefu kwa nguvu kuliko kilivyotengenezewa, kiini chake hupata joto na SWR hupanda polepole kadri unavyoendelea. Punguza nguvu, kiache kipoe.

Ukilazimika kukata waya mpya, gawa 143 kwa masafa ya MHz upate nusu wimbi kwa mita. Kwa 14.06 ni kama mita 10.2, kwa 7.03 ni kama mita 20.3. Kata mrefu kidogo, kunja ncha badala ya kukata, kisha punguza.

Acha hapa: usifunge waya kwenye nyaya za kukazia mnara wala kwenye waya wa kinga ya radi, na usipande nje ya ngazi ili kupata urefu. Mnara wa Hunter Mountain huko Catskills, jimbo la New York, una futi 60 na umekuwa ukipandwa na umma kwa miaka mingi, lakini si kila mnara unatunzwa hivyo. Ukiona vipandio vimeoza, bolti hazipo au ngazi ya chini imeondolewa makusudi, kaa chini. Kukagua mnara ni kazi ya wenyewe.

Inawaka vizuri, nikibonyeza inazimika

Volti zinaanguka. Pima kwenye plagi ya redio wakati unarusha, si wakati redio imetulia. Betri iliyochoka hujitutumua ikipumzika.

Betri ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ya seli nne hukaa karibu na volti 13.2 kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla. Ukisoma 12.8 ikiwa imepumzika, safari yake imekaribia mwisho. Ukisoma sifuri kabisa, usidhani imekufa: saketi ya ulinzi huenda imekata, na mara nyingi huamka ikiunganishwa na chaja.

Betri ikiwa nzima, tafuta kwenye waya. Kishikio cha fyuzi kilicholegea na waya mwembamba ndio wezi wakuu. Redio ya wati 10 hula kama ampea 2. Waya wenye ohm 0.3 kwenda na kurudi utakula volti 0.6, na redio itavumilia. Waya huohuo kwa redio ya wati 100, inayotaka ampea kama 20, ungemeza volti 6. Kwa hiyo kebo iliyokutosha mwaka jana inaweza kukuangusha siku umenunua redio kubwa.

Baridi inapunguza uwezo wa betri. Ibebe ndani ya koti, itoe ukishasimamisha antena. Na paneli ya sola isikushawishi: LiFePO4 haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, inaharibika ndani bila kuonyesha nje.

Kuna kizimaji kingine kinachofanana na hiki. Redio inajiwasha upya, au kitufe cha Morse kinapiga chenyewe nukta mfululizo, na hutokea kwenye bendi moja tu. Hapo volti hazina kosa. Mawimbi yako yanarudi kupitia ngozi ya kebo. Ongeza waya wa kusawazisha chini ya antena, zungusha kebo mara kadhaa kwenye pete ya feriti, na usogeze redio mbali na ncha ya antena.

Acha hapa: betri iliyovimba, yenye harufu ya kemikali au moto kuliko mkono unavyovumilia, itoe kwenye mkoba na uiweke juu ya mwamba mtupu, mbali na nyasi. Usiijaribu tena. Kuwasha moto kwenye kilele cha lindo la moto ni aibu ambayo haitasahaulika, achilia mbali faini.

Kelele nzito kwenye HF

Zima vyako kwanza: chaja ya sola, benki ya umeme, simu inayochaji, taa ya kichwani. Chomoa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Kidhibiti cha sola ndicho mtuhumiwa wa kudumu. Kelele ikibaki baada ya kuchomoa vyote, inatoka kwenye mitambo ya mnara au mfumo wake wa umeme, na dawa ni ileile: umbali. Kelele za aina hii hupungua haraka sana ukienda mita 30 au 40.

Kelele inayoanza kwa mchirizo na kuongezeka bila sababu ina sehemu yake hapa chini. Rukia huko moja kwa moja ukaisome.

Naita, hakuna anayejibu

Redio inafanya kazi, SWR nzuri, kimya. Sababu ya kawaida ni kwamba hakuna anayejua uko pale. Tangaza safari mapema kwenye SOTAWatch, tovuti ya matangazo ya SOTA. Ukiita CQ, yaani wito kwa yeyote, kwa alama za Morse na vipokezi vinavyosikiliza vyenyewe vya Reverse Beacon Network vikakunasa, taarifa hupandishwa yenyewe kwa aliyetangaza, hata simu yako isiposhika mtandao. Hii ni sababu tosha ya kujifunza Morse kwa mtu wa milimani. Kwa sauti, huna msaada huo; tuma ujumbe ukiwa bado njiani mahali penye mtandao, au utumie APRS, mfumo wa kutuma ujumbe mfupi kwa redio.

Sababu ya pili ni hali ya anga. Sikiliza WWV, kituo cha saa sahihi cha serikali ya Marekani kilichoko Fort Collins, Colorado, kwenye 5, 10, 15 na 20 MHz. Ukiisikia vizuri kwenye 10 lakini 15 na 20 hazipo, acha kung'ang'ania bendi za juu. Dakika ya 18 ya kila saa hutoa taarifa ya hali ya jua na usumaku wa dunia. Usipoisikia kwenye masafa yoyote, rudi kwenye antena.

Ya tatu hupuuzwa: mwili. Ukianza kukosea ishara za wito (majina ya vituo) unazozijua, kichwa kinagonga na tumbo linachafuka, kwenye mita 3,000 hiyo si tabia ya bendi. Kunywa maji, kaa. Hali ikizidi, shuka, redio itasubiri.

Waya unalia, nywele zinasimama

Hapa hakuna uchunguzi wa hatua kwa hatua. Mchirizo unaopanda kwenye HF, cheche ndogo ukikaribisha plagi kwenye redio, mlio kama wa nyuki kwenye nguzo ya antena, nywele za mkono kusimama: umeme unajikusanya hapo ulipo. Mvua si lazima iwe imeanza.

Achia vyote. Usikunje antena, usishike nguzo. Ondoka kileleni, mbali na mnara wa chuma, ushuke kadri unavyoweza bila kujivunja.

Afadhali usifike huko. Kwenye milima ya magharibi ya Marekani wakati wa kiangazi, mawingu hujengeka mchana. Panga kumaliza kabla ya adhuhuri. Kati ya mwako na ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na ulipaswa kuwa umeshaanza kushuka. Rudi baada ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Walinzi wa zamani walikuwa na viti vifupi vyenye vikombe vya kioo miguuni, wakisimama juu yake wakati wa radi, ndani ya kibanda chenye waya wa kinga. Watu hulitaja hili kama ruhusa ya kujificha chini ya mnara wowote. Mnara wa wazi au baraza la nje havikupi kinga hiyo, na kibanda kilichoachwa miaka mingi huenda waya wake umeshaibwa au kukatika.

Acha hapa: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, unaweza kumgusa. Kama hapumui, anza kumpa huduma ya kwanza ya moyo na mapafu, na piga 911 au bonyeza kifaa cha setilaiti. Simu ikikosa mtandao, tumia redio: kwenye dharura ya uhai unaruhusiwa kutumia njia yoyote uliyonayo kuomba msaada, ripita ikiwemo.

Mlinzi anasema redio yake inaingiliwa

Baadhi ya malindo bado yana mtu kila msimu wa moto. Kibanda ni ofisi yake na pia chumba chake cha kulala, basi bisha hodi kabla ya kutandika waya mlangoni. Akisema unaingilia mawasiliano yake, zima papo hapo. Usimwelezee kwamba redio yako iko ndani ya viwango. Inaweza kuwa ndani ya viwango na bado ikaizidi redio yake iliyo mita tano kutoka kwako. Hamia upande wa pili, punguza nguvu, mwombe asikilize tena. Siku yenye moshi upeoni, usimwombe hata hilo.

Kilele kimekataa kuhesabiwa

Kwa SOTA, pointi zinataka mawasiliano manne na vituo vinne tofauti. Mawasiliano kupitia ripita za ardhini hayaingii. Umeme wa gari, jenereta ya mafuta au soketi ya kibanda haviruhusiwi. Na si kila lindo liko kwenye orodha: katika maeneo mengi kilele kinatakiwa kiwe kimejitenga kwa mita 150 za wima, wakati malindo mengine yalijengwa kwenye mabega ya milima. Angalia orodha kabla ya kufunga mkoba.

Anayechanganya safari hiyo na Parks on the Air, mpango unaofanana na SOTA ila wa hifadhi, anahitaji mawasiliano 10 ndani ya siku moja ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), na hapo ndipo wengi wa magharibi wanapokosea. Huko Washington au Oregon wakati wa kiangazi, siku ya UTC hubadilika saa 11 jioni. Wakati wa baridi, saa 10. Ukipata sita saa 10 na nusu jioni ya Julai na wanne baada ya saa 11, umegawa siku mbili na hakuna iliyotimia. Weka saa moja kwenye UTC, andika tarehe upya inapogeuka, na kama bado una betri, endelea kuita mpaka siku mpya nayo ipate 10 zake.